Mkate wa Nani, Riziki ya Lini?



Nilikuwa Kibiti, nimekaa barazani kwa mama mmoja Mkatoliki, nasubiri gari la kwenda Nyamisati. Jirani yake, Mlutheri, akaja kuazima ungo. Wakajuliana hali, wakaulizana habari za shamba, kisha mwenyeji wangu akanigeukia na swali ambalo, kwa jinsi alivyolitoa, lilikuwa limemkaa kifuani siku nyingi. "Mwanangu, sala ni moja na aliyeifundisha ni mmoja. Mbona sisi kanisani kwetu tunaomba mkate, na huyu mwenzangu kwao wanaomba riziki? Nani aliyebadilisha?"

Gari lilifika kabla sijapata jibu la maana. Swali lile nimetembea nalo tangu siku hiyo, na leo namjibu kwa njia ya redio.

Hakuna aliyebadilisha, mama. Nyote wawili mmesimama mbele ya neno moja la Kigiriki ambalo hata Wagiriki wenyewe liliwashinda.

Neno lenyewe ni epiousios. Nalitamka taratibu: e-pi-u-si-os. Limo katika Sala ya Bwana, Mathayo sura ya 6, mstari wa 11, na limo tena katika Luka sura ya 11, mstari wa 3. Basi. Katika Agano Jipya lote halipo mahali pengine, wala halimo katika Agano la Kale lililotafsiriwa kwa Kigiriki. Kipo kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo kiitwacho Didakhe ambacho nacho kinalo, lakini kinalo kwa sababu kimeinakili sala ile ile. Ukiyapekua maandishi ya Kigiriki yaliyotangulia, mashairi, tamthilia, falsafa, barua za askari, hesabu za wafanyabiashara, hulioni. Ni kivumishi, kinaeleza mkate tunaouomba ni wa namna gani. Na hiyo namna ndiyo iliyowaumiza watu vichwa karibu miaka elfu mbili.

Wa kwanza kulisema jambo hili waziwazi ni Origen, mwalimu mkubwa aliyezaliwa Aleksandria, Misri, mwishoni mwa karne ya 2. Kigiriki kilikuwa lugha yake tangu utotoni. Katika kitabu chake kuhusu sala, alichokiandika karne ya 3, alikiri kwamba neno hili hakulikuta kwa wanazuoni wa Kigiriki wala vinywani mwa watu wa kawaida mitaani. Akaona kwamba yaelekea waandishi wa Injili ndio waliolitunga. Tafakari uzito wa ushahidi huo: msomi mwenye lugha yake, aliyeishi karibu zaidi na wakati wa mitume kuliko mtaalamu yeyote wa leo, anasema hili neno hatunalo.

Kwa kuwa neno halikuwa na ndugu wa kuulizwa habari zake, ikabidi lipasuliwe litazamwe ndani. Mwanzo wake, epi, ni kama kusema juu ya, kwa ajili ya, au kuelekea. Kilichobaki ndicho kinachogombaniwa. Wako wanaokisoma kama ousia, yaani kuwako, uhai wenyewe wa kitu; hapo mkate unakuwa ule wa kututosha tuishi, au, kama alivyopenda Origen, mkate wa rohoni unaolisha uhai wetu wa ndani. Wako wanaosema maana yake ni siku hii iliyopo, mkate wa leo. Na wako wanaolinganisha na neno jingine la Kigiriki, epiousa, ambalo linajulikana vizuri: Luka analitumia katika Matendo ya Mitume sura ya 16, mstari wa 11, anaposimulia safari ya baharini na kutaja siku iliyofuata. Kwa hao, tunachoomba ni mkate wa siku inayokuja. Mkate wa kesho, tupewe leo.

Watafsiri wa zamani kila mmoja alishika njia yake. Jerome, aliyeanza kusahihisha Injili za Kilatini kwa agizo la Papa Damasus mnamo miaka ya 380, alifanya jambo la ajabu: neno lile lile moja la Kigiriki, katika Luka akaliacha liwe la kila siku, katika Mathayo akaliandika kwa neno zito la Kilatini lenye maana ya kitu kinachopita vitu vyote vilivyopo. Na ni yeye huyo aliyeandika kwamba katika Injili moja ya Kiebrania aliona neno mahar, yaani kesho. Wakristo wa Siria, waliokuwa wakisali kwa lugha iliyo jirani sana na ile aliyoisema Yesu, katika tafsiri yao kuu wakaandika mkate wa mahitaji yetu. Wakopti wa kaskazini ya Misri wakasema wa kesho. Huyu anasema leo, huyu kesho, huyu mahitaji, huyu roho. Na wote ni watu wacha Mungu waliolichukulia Neno kwa hofu na heshima.

Hapa niwasimulie kisa kimoja, maana kinanigusa kila nikikikumbuka. Mwaka 1889 Mwingereza Flinders Petrie, aliyekuwa akichimbua mambo ya kale huko Hawara, Misri, alitoa vipande vya mafunjo yenye maandishi ya Kigiriki. Kimojawapo kilikuwa orodha ya matumizi, hesabu ya vitu na bei zake. Msomi A. H. Sayce alipokinakili, akasoma ndani yake herufi za mwanzo za neno letu. Mwaka 1915 nakala hiyo ikaingizwa katika mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya namna hiyo, na wataalamu wakafurahi: kumbe epiousios lilikuwa neno la sokoni, maana yake posho ya siku! Lakini walipotaka kukikagua kipande chenyewe, hakikuonekana. Kilipotea kwa miongo mingi. Kikaja kupatikana mwaka 1998 katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na mwaka uliofuata wataalamu wawili, Nijman na Worp, wakatangaza walichokiona baada ya kukisoma upya. Neno lililokuwa pale ni elaiou. Mafuta. Ushahidi pekee wa nje ya sala ulikuwa mafuta ya kupikia au ya taa, yakasomwa vibaya.

Basi neno likarudi lilipokuwa: ndani ya sala, peke yake.

Sasa turudi Kibiti, kwenye ule ungo.

Kutoka Kibiti ukishuka kuelekea Nyamisati unaingia katika nchi ambayo maji ndiyo mwenye mji. Mto Rufiji, unaobeba maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, unafika hapa ukiwa umechoka, unajigawa mikono mingi, unapita katikati ya mikoko iliyofunika zaidi ya hekta 50,000, kisha unaingia baharini ukitazamana na kisiwa cha Mafia. Ngano hailimwi huku. Boflo la dukani limekuja na gari kutoka Dar es Salaam. Mwenyeji wa delta akila kitu anachokiita mkate kwa moyo wake wote, huenda ni mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi. Chakula ni wali, na mwaka mzima unahesabiwa kwa mpunga.

Mpunga unapandwa mvua za vuli zinapoanza, Novemba na Desemba. Masika yakikolea, kwenye Aprili hivi, mto unapanda, unafunika bonde na kuacha tope lenye rutuba. Maji yakishuka, mkulima anapanda tena juu ya unyevu ule uliobaki, mahindi, kunde, mboga. Kilimo hicho wenyewe wanakiita mlau. Kati ya kupanda na kuvuna watu wanahamia mashambani, wanaishi juu ya madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, wanafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye ardhi ya juu, katika vijiji vya ujamaa. Msimu wa mpunga waliteremka tena, kwa sababu shamba lilibaki bondeni.

Mto ule ule ndio unaolisha na ndio unaonyang'anya. Usipofurika, hakuna mlau. Ukifurika kupita kiasi, hakuna kitu. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na watu walikuwa hawajaanza hata kusafisha tope, tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikaja kugonga Mafia. Mtu wa hapa akipiga magoti kuomba chakula, anaomba kipimo. Anaomba maji yaje, na yaje kwa kadiri.

Na watu hawa, walio wengi, ni Waislamu. Wakristo ni wachache. Neno riziki hawakulingoja kanisa liwaletee. Mvuvi anayeingia mtoni na mtumbwi alfajiri anakwenda kutafuta riziki. Akirudi mikono mitupu, riziki haikuwapo leo. Jirani akimharibia biashara, amemkatia riziki. Na juu ya yote, anayeitoa ni Mungu, ambaye kati ya majina yake mazuri yumo Ar-Razzaq, Mtoa riziki.

Watafsiri wa Union Version, Biblia iliyotoka mwaka 1952 ili wasomaji wa tafsiri ya Unguja na wale wa tafsiri ya Mombasa wapate kitabu kimoja, walipofika kwenye Mathayo 6:11 walikuwa na maneno mawili ya Kigiriki mkononi: mkate, na kile kivumishi kisichojulikana. Wao wakaandika jina moja tu, riziki, pasipo kivumishi chochote. Wako waliowalaumu kwamba wameruka neno. Mimi nasema hawakuruka. Na sababu yangu imo ndani ya neno riziki lenyewe.

Tunajua riziki limetufikia kutoka Kiarabu, rizq. Lakini Kiarabu nacho kililipokea. Wanazuoni wa lugha wanalifuatilia hadi Kiajemi cha kale, rozig, lililotokana na roz, siku. Rozig ni kitu cha siku: chakula cha siku, fungu la siku. Mswahili wa pwani analijua hilo roz hata kama hajawahi kulifikiria, kwa maana anayo Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua inayosherehekewa hadi leo Makunduchi, Unguja, kwa Mwaka Kogwa. Nairuzi ni siku mpya. Riziki ni ya siku. Hayo mawili yana mzizi mmoja.

Mnaona lilipofika? Anayesema mkate wa kila siku ametumia maneno manne. Anayesema riziki ametumia moja, na siku imo ndani yake tayari. Sidhani kama watafsiri wale walikuwa na habari ya Kiajemi wakati ule. Walichukua neno lililokuwa vinywani mwa watu, na neno likabeba zaidi ya walivyolipakia.

Mtu anaweza kuniuliza, mbona wasiseme posho? Posho nayo ni chakula cha siku. Ni kweli. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliokuwa wakitoka Bagamoyo kwenda bara na mizigo kichwani, walipimiwa nafaka kibaba kimoja kwa mtu kwa siku, na hiyo ndiyo posho yao. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge walipanga foleni kwa ajili yake. Lakini posho hupimwa na mnyapara, na mnyapara hukupa kwa sababu kesho anataka mgongo wako. Riziki haina mnyapara. Mtoto mchanga anayo, mgonjwa asiyeweza kuinuka anayo, na mbwa, walisema wahenga, yake iko miguuni pake. Sala ambamo Yesu anamwita Mungu Baba isingeweza kuomba posho. Baba hampimii mwanawe posho.

Hata hivyo kipimo kipo, na hapo neno letu linagusana na mana ya jangwani. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 16, kila mtu aliambiwa aokote kipimo kimoja cha siku, na watafsiri wetu wakakiita pishi, pishi hii hii ya sokoni pwani. Aliyelaza mana hadi asubuhi aliikuta imeoza na kuingia funza, isipokuwa ile ya siku ya sita iliyolazwa kwa ajili ya Sabato. Mswahili ana methali yake, akiba haiozi. Jangwani akiba ilioza. Nimekaa na mgongano huo muda mrefu, maana mkulima wa Rufiji hawezi kuishi bila akiba. Asipoacha mbegu ya mpunga, ikae uchagani juu ya moshi wa jiko wadudu wasiifikie, mwakani hana cha kupanda. Je, anakosa imani?

Ni hapa ninapowaona wale waliosoma kesho wana jambo la kutuambia. Ile mbegu ya uchagani ni mkate wa kesho aliopewa leo. Anayeitunza hajalimbikiza, amepokea siku mbili kwa mkono mmoja. Baada ya maji makubwa mkulima hujikuta na pishi chache za mpunga mkavu mbele yake, watoto wanalia njaa, na inampasa aamue: niupike au niupande? Mtu aliye mbele ya uamuzi huo anaielewa epiousios kuliko mimi niliyesoma vitabu. Leo na kesho kwake ziko ndani ya kikapu kimoja. Neno lisilokubali kuchagua kati ya leo na kesho linamfaa yeye.

Na Injili zenyewe haziko mbali na hilo. Mathayo anaomba tupewe leo, mara moja, kwa siku hii. Luka anatumia namna ya kitendo kinachoendelea, uwe unatupa, siku baada ya siku. Mvuvi anaomba kwa Mathayo, kwa sababu bamvua ya leo ikipita imepita. Mkulima wa mpunga anaomba kwa Luka.

Sitaki kumwonea mama wa mkate. Neno mkate lina kazi ambayo riziki haiwezi kuifanya. Yesu alitwaa mkate, akaumega, akawagawia wanafunzi. Pale altareni huwezi kusema padre ameinua riziki. Wakatoliki wanaposema mkate katika Sala ya Bwana, dakika chache kabla ya Komunyo, sikio lao linasikia meza ile pia, na Jerome angewaunga mkono. Ila nje ya kanisa, Jumatatu, mkate peke yake unambana mtu wa delta. Martin Luther, katika Katekisimu yake Ndogo ya mwaka 1529, ile wanayofundishwa vijana wa kipaimara mpaka leo, alifungua mkate wa kila siku ukawa chakula na mavazi, nyumba na shamba, hali njema ya hewa, amani, na majirani wema. Mjerumani alihitaji orodha ndefu kueleza hilo. Sisi tunayo riziki, na ndani yake mvuvi anaweka wavu wake, mkulima anaweka mvua yenye kadiri, mama anaweka afya ya mtoto.

Karl Roehl, Mjerumani mwingine, ambaye Biblia yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1937, alijitahidi sana kuepuka maneno yenye asili ya Kiarabu. Nia yake naiheshimu. Lakini katika mstari huu nashukuru kwamba neno la Kiarabu lilibaki katika Biblia iliyokuja kuenea kuliko zote. Mkristo mmoja wa Kibiti aliyezungukwa na majirani Waislamu kumi anaposema riziki yetu, hao kumi wanaelewa anachoomba, na lile yetu linawahesabu nao. Maji ya 2024 hayakuuliza nyumba hii ni ya dini gani. Chakula cha msaada kilipofika kilipikwa sufuria moja.

Yetu. Neno hilo halina ugumu wowote katika Kigiriki, na pengine ndiyo sababu hatulitazami. Tumeshughulika karne nyingi na kivumishi kigumu kilicho jirani yake. Lakini hakuna mahali katika sala ile mtu anapoomba chakula chake mwenyewe peke yake. Anayevuna mpunga mzuri mwaka huu huku jirani yake maji yamemsomba, ameshapokea sehemu ya jibu la sala ya jirani. Iko ghalani kwake.

Mama yangu wa Kibiti, huyo jirani yako Mlutheri ni mwenzako, na ungo ulimpa. Nakuomba jambo moja. Jioni moja mkae barazani, wewe na Biblia yako na yeye na yake, mfungue Mathayo 6:11, kisha Luka 11:3. Wewe msomee mkate, naye akusomee riziki. Na kama jirani yenu wa msikitini anapita, mkaribisheni akae.